Daktari Sheehan na Maradhi ya Wazazi Waliovuja Damu

Hapa kwetu pwani, mwanamke akijifungua kisha maziwa yasitoke, maneno hayakosi. Huyu atasema kapigwa kijicho, yule atasema ana pepo. Na arubaini ikipita, miezi ikapita, naye bado hana nguvu, baridi haimtoki mwilini, hedhi hairudi wala mimba haingii, basi huitwa mvivu, na mara nyengine huandikiwa talaka. Kwa ajili ya wanawake hao nimeonelea leo nimtaje Mwingereza mmoja ambaye wengi wetu hatumjui, Harold Leeming Sheehan.

Alizaliwa mwaka 1900 mjini Carlisle, kaskazini ya Uingereza, akasomea utabibu Manchester. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti ili ijulikane kilichoua, kazi ambayo wengi huiona nzito. Mwaka 1935 aliingia hospitali ya wazazi ya Glasgow, Scotland. Zama hizo kutiana damu kulikuwa bado hakujaenea, na wazazi wakifa kwa kuvuja.

Katika maiti hizo aliona jambo. Chini ya ubongo kuna kitezi kiitwacho pituitari, hakizidi sana punje ya mbaazi, lakini ndicho nahodha wa tezi nyingine. Ndicho kiamrishacho maziwa na hedhi, na ndicho kiziamshacho tezi ya shingo na zile zilizo juu ya figo. Mimba ikiingia, kitezi hiki huvimba na kutaka damu zaidi. Basi mama akivuja damu nyingi mno, msukumo wa damu ukaanguka, kitezi hukosa riziki yake na sehemu ya mbele ikafa. Sheehan aliyachapisha hayo mwaka 1937.

Kabla yake, mwaka 1914, Simmonds wa Hamburg, Ujerumani, alikwisha eleza habari ya mwanamke aliyeharibika kitezi hicho. Ila madaktari walishika kuwa mgonjwa wa namna hii lazima akonde abakie mifupa. Sheehan hakukubali. Aliwafuatia wanawake walionusurika, na mwaka 1949, yeye na mwenzake Summers, wakaonyesha kuwa kukonda si dalili yake. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yake kubwa kupita zote, kwani mwanamke mwenye mwili wake nani angemsadiki kuwa ni mgonjwa?

Vita vilimchukua jeshini, na kutoka 1946 hadi 1965 akawa profesa Liverpool. Alifariki mwaka 1988, na maradhi hayo yanaitwa kwa jina lake.

Dawa ipo. Mgonjwa hupewa vidonge vya kushika mahali pa homoni zilizokosekana, kwanza za tezi za figo, kisha za tezi ya shingo, na huvimeza maisha yake yote. Ramadhani ikifika asiviache bila ya kumwona daktari. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Penye damu ya akiba karibu na chumba cha kuzalia, maradhi haya yamekuwa haba. Penye safari ndefu mpaka hospitali bado yapo, na huweza kujificha miaka mingi. Kwa hivyo mwanamke aliyechoka hivyo apelekwe kwa daktari, na aelezwe daktari kiasi cha damu iliyomtoka siku ya uzazi, hata kama mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.