Alan Blumlein, fundi aliyepanua sauti

Tukisikiliza rumba mu bafle mbili, gita ya solo inalia upande mmoja, ya kusindikiza upande mwingine, na mwimbaji anasimama katikati. Ile nafasi kati yao njo stereo. Misingi yake iliwekwa na mtumishi wa kampuni sawa sisi, fundi wa umeme Alan Dower Blumlein.

Alizaliwa London tarehe 29 mwezi wa sita 1903. Mu 1929 aliingia kazi ku Columbia Graphophone, kampuni ya disiki. Mu 1931 kampuni ile iliungana na ingine, ikawa EMI.

Mwaka ule ule alienda ku sinema pamoja na Doreen, mchumba wake. Wakati ule sauti yote ilitoka fasi moja: mwigizaji anatembea huku, sauti yake inabakia kule. Blumlein alimwambia Doreen kama anajua namna ya kufanya sauti ifuate mtu. Haikuwa maneno ya bure. Tarehe 14 mwezi wa 12 mu 1931 alipeleka maombi ya breve, na ndani yake mlikuwa madai 70.

Kazi yake tunaweza kuieleza hivi. Alisimamisha mikro mbili fasi moja, kila moja inatazama upande wake. Kile mikro zote mbili zinasikia sawasawa kinakaa katikati. Kile zinasikia tofauti kinaenda pembeni. Blumlein alionyesha kama ukizidisha ile tofauti, muziki unapanuka. Ukiipunguza, unakusanyika katikati. Vijana wetu wanaochanganya muziki mu studio wangali wanatumia akili ile ile. Lakini wasizidishe sana: katikati patabakia tupu, na ku telefone yenye bafle moja ile tofauti inapotea kabisa.

Urefu wa kwenda nyuma nao una siri yake. Sauti ya karibu inafika kavu. Ya mbali inafika pamoja na mwangwi wa kuta. Mu mwezi wa kwanza 1934, mu studio ya Abbey Road, Blumlein alirekodi okestra ya London Philharmonic ikicheza Mozart, Thomas Beecham akiiongoza. Pale kila chombo kilibakia fasi yake, kushoto ao kuume, mbele ao nyuma.

Lakini kampuni haikuuza disiki za namna ile. Blumlein akatumwa ku kazi ingine: televizyo, kisha rada ya vita. Tarehe 7 mwezi wa sita 1942 alipanda ndege ya Halifax kwa kujaribu rada mpya. Moteri moja ikawaka moto, ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor. Watu 11 walikuwa ndani, na wote walikufa. Blumlein alikuwa na miaka 38. Aliacha bibi na watoto wawili.

Uchunguzi ulionyesha chanzo: ekru moja ndogo ya moteri haikukazwa vizuri wakati wa matengenezo. Tena, sababu ya vita, habari ilifichwa, na nchi haikuambiwa ni nani amekufa. Disiki za stereo zilijaa sokoni mu 1958, miaka 16 kisha kifo chake, na wengi waliozinunua hawakujua jina lake. Ilifika mpaka 2017 ndipo Marekani ilimpa tuzo ya Grammy ya ufundi.

Sisi wa sendika tunajua vitu hivi viwili. Tunajua ekru isiyokazwa, kamba isiyoangaliwa, na mkubwa wa kazi anayesema tushuke tu. Tunajua pia mtu anayekufa kazini, kisha wenzake wanaambiwa wanyamaze. Kwa hiyo tuangalie vyombo mbele ya kushuka, na tuandike majina ya wafu wetu ile siku ile. Mjane asingoje miaka 75.