Mtakatifu Josefina Bakhita, mtumwa aliyechagua kazi yake

Katika jubile hii ya parokia yetu ya Nyunzu, tumeona vema kusimulia maisha ya Sista Josefina Bakhita, kwa maana babu zetu wa nchi ya Tanganyika nao walijua minyororo ya wachuuzi wa watumwa.

Alizaliwa Darfur, katika nchi ya Sudani, karibu na mwaka 1869. Angali mtoto alitekwa, na kwa hofu kubwa akasahau jina alilopewa na wazazi. Bakhita, maana yake Mwenye Bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Aliuzwa mara nyingi. Kwa amri ya bibi mmoja alichanjwa mwili kwa wembe, na vidonda vikatiwa chumvi.

Mwaka 1883 konsuli wa Italia alimnunua, na mwaka 1885 akapelekwa Italia, akawa yaya katika jamaa ya Michieli. Mwaka 1888 yeye na mtoto aliyemlea waliachwa kwa Masista wa Kanosa mjini Venezia, na huko akafundishwa dini. Bibi yake aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Shauri likafika mbele ya serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatangazwa kwamba sheria ya Italia haikubali utumwa, naye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896.

Tangu mwaka 1902 alitumika hasa mjini Schio: alipika, alishona, alitunza sakristia, alipokea wageni mlangoni. Labda mtu atasema kwamba alitoka katika jiko la bwana akaingia katika jiko la masista. Sufuria ni ileile, kweli. Lakini safari hii aliulizwa, naye akaitika mwenyewe.

Hilo ndilo jambo kubwa. Hata katika misioni za ziwa letu, kama Mpala, ambayo Mapadri Weupe waliipokea mwaka 1885, watoto waliokombolewa kwa mali walilima na kujenga, wala si wote walioulizwa kama wanataka kubaki. Nasi leo tujipime: Mtwa anayetulimia shamba, binti anayetutekea maji, je, anaweza kukataa? Je, anapata mshahara wake?

Sista Bakhita alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Mtakatifu Josefina Bakhita, utuombee.