Ibn al-Haytham: Mto ulimshinda, hesabu hakuziacha

Mvua inyeshayo Migosi, mtaa wa mji wa Kisumu, huteremkia Ziwa Victoria. Maji ya ziwa hilo hutokea Jinja, Uganda, yakawa mto Nile, yakashika safari ndefu ya Misri. Mto huo ndio uliomponza bingwa mmoja wa Kiislamu, ambaye wengi humjua kwa elimu ya nuru na macho, na wachache kwa elimu ya namba.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraki, karibu na mwaka 965 (354 Hijria). Wasimulizi wa maisha yake wasema alijigamba kuwa angeweza kuyatawala maji ya Nile, yasifurike mno wala yasipungue mno. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita na kumpa mafundi. Njiani aliyaona majengo makubwa ya Wamisri wa kale. Alipofika karibu na Aswan akatambua kuwa kama jambo lile lingewezekana, mafundi wale wangalilifanya zamani. Akarudi mikono mitupu. Al-Hakim hakuwa mtu wa kufanyiwa mzaha, aliwaua wengi. Basi Ibn al-Haytham, yasimuliwa, akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021. Baadaye akakaa jirani na msikiti wa Al-Azhar, akipata riziki kwa kunakili vitabu vya Wayunani.

Wayunani walizigawa namba mafungu matatu. Kwa majina ya Kiarabu, Mswahili hahitaji mkalimani: nakisi, zaidi na timamu. Chukua namba, jumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Nane ina 1, 2 na 4, jumla 7: ni nakisi. Kumi na mbili hufika 16: ni zaidi. Sita ina 1, 2 na 3, jumla 6 barabara: hiyo ni timamu. Namba timamu ni adimu. Chini ya 10,000 ziko nne tu: 6, 28, 496 na 8,128. Ifuatayo ni 33,550,336, ambayo Ismail ibn Fallus aliiorodhesha katika karne ya 13.

Zapatikanaje? Euclid alionyesha njia. Anza na moja, uwe unazidisha mara mbili: 1, 2, 4. Jumla ni 7, namba tasa. Izidishe kwa ile ya mwisho, 4, upate 28. Ukiendelea hivyo hadi 4,096, jumla ni 8,191, nayo ni tasa; zidisha, utaipata ile ya milioni thelathini na tatu na ushei.

Ibn al-Haytham aligeuza swali: je, kila namba timamu ya shufwa lazima itoke kwa njia hiyo? Alishika kuwa ndivyo, akajaribu kuthibitisha, lakini uthibitisho wake haukukamilika. Alifariki Cairo karibu na mwaka 1040, na ilibidi kungoja mpaka karne ya 18, Euler wa Uswisi alipoufunga mlango huo. Ama namba timamu ya witiri, mpaka leo hakuna aliyeipata hata moja, wala aliyethibitisha kuwa haipo.