Mzee Karume na Mashabiki Waliohama

Mashabiki wa timu yetu ya mpira hapa Kate wamehama. Hawakuhama kijiji, wamehama uwanja. Jumapili alasiri vijana wetu wanapoingia kucheza, wale waliokuwa wakiwashangilia wamejazana katika vibanda vya televisheni wakigombana kwa ajili ya Simba na Yanga, na wengine kwa ajili ya timu za Uingereza ambazo hazijui kama Kate ipo duniani. Kwa wasomaji wetu wa Visiwani, Kate imo katika wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, juu ya uwanda wa Ufipa, ambako bahari husikika kwenye redio tu.

Sababu wanayoitoa waliohama ni moja: timu inafungwa. Ni kweli, nasi hatutaificha. Lakini sababu hiyohiyo ndiyo iliyotukumbusha mtu wa Visiwani aliyefungwa mara nyingi mbele ya watu wake, na watu wake wasihame.

Marehemu Mzee Abeid Amani Karume alizaliwa Mwera, Unguja, mwaka 1905. Elimu ya darasani aliipata kidogo. Akiwa kijana aliingia ubaharia, akaziona bandari nyingi za dunia, na aliporejea aliongoza umoja wa wenye motaboti zilizokuwa zikichukua abiria kati ya meli na nchi kavu. Siku hizo wanyonge wa Ng'ambo hawakuwa na baraza la kuwasemea. Walichokuwa nacho ni klabu za mpira. Karume alikuwa mtu wa African Sports, na katika klabu za namna hiyo watu walijifunza kutoa ada, kuchagua nahodha, kutunza daftari na kumaliza ugomvi bila kuvunja chama. Wengi wa waliokutana kwa ajili ya mpira ndio waliokutana tena katika African Association, iliyoanzishwa mwaka 1934. Afisa anayedhani klabu ya mpira ni mchezo wa watoto na aitafakari habari hiyo kabla ya kuugawa uwanja wa kijiji viwanja vya nyumba.

Tarehe 5 Februari 1957 jumuiya mbili ziliungana, ikazaliwa Afro-Shirazi, Karume akiwa rais wake. Julai mwaka huo chama kilishinda uchaguzi, na yeye mwenyewe akakichukua kiti cha Ng'ambo. Baada ya hapo ukaja ukame. Mwaka 1959 baadhi ya viongozi walijitenga wakaunda chama chao. Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10 kati ya 22, serikali isipatikane. Juni ikapata 10 kati ya 23, wapinzani wakaungana na kushika serikali. Julai 1963 ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31, ikabaki nje tena. Shabiki wa timu inayofungwa anaijua Jumatatu ya namna hiyo: kejeli za barazani, na jirani anayeuliza matokeo hali ameyasikia.

Hata hivyo watu wa Ng'ambo hawakukihama chama. Katika chaguzi hizo tatu, kila mara sehemu yake ya kura ilizidi ile ya kabla. Hii ndiyo subira tuliyofundishwa chuoni, nayo si kukaa kimya. Ni kuja tena. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimfanya Karume Rais wa Zanzibar, na tarehe 26 Aprili mwaka huo ukaja Muungano. Utawala wake ulikuwa na ukali, na wako walioumia. Hatuandiki haya kumfanya malaika.

Mpira hakuuacha. Uwanja wa Amani, uliojengwa kwa msaada wa China, ulifunguliwa mwaka 1970 katika zama zake. Huku Bara, Yanga walipata msaada wake katika kujenga jengo lao la Jangwani, na yasimuliwa kuwa ni yeye aliyewashauri Sunderland kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972.

Hapana atakayetuambia kuwa watu wa Ufipa hawapendi mpira. Tanzania Prisons walipoutumia uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, waliwafunga Simba bao moja kwa bila tarehe 22 Oktoba, mwaka 2020, na habari hiyo ilizungumzwa hadi vilabuni na mashambani. Lakini Prisons wana Magereza nyuma yao. Timu ya kijiji ina mfuko wa wanachama tu, na mwanachama akihama huondoka na senti yake, sauti yake, na mtoto wake ambaye kesho angecheza.

Hatumkatazi mtu kuipenda Simba au Yanga. Sisi wenyewe tuna zetu. Tunaomba saa mbili za Jumapili. Viongozi wa kata nao wasingoje fainali ya kukabidhi kombe ndipo waonekane. Waje siku ya kawaida, wasimame pembeni kama wengine.

Jumapili hii timu inacheza tena, na huenda ikafungwa tena. Nyavu za goli la upande wa barabara zimechanika, na gari la kwenda kucheza ugenini halijapata mafuta. Mweka hazina atakuwa chini ya mti uleule, na daftari lake lina majina ya wote waliohama, hakuna lililofutwa.