Tesla: Mvumbuzi wa rimoti unayorushia ndege yako, na kwa nini alifariki akiwa na madeni

Tuseme umeamka mapema Jumamosi, uko kwenye uwanja wazi nje ya Kitengela, upande wa kuelekea Isinya. Upepo bado haujaanza. Mkononi una ndege uliyoiunda wiki nzima: mabawa ya lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, gundi ya moto, betri ya lithiamu na mota ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda. Kabla hujairusha, hebu iangalie hiyo mota. Ina nyaya tatu.

Sasa inua macho. Pale Isinya kuna kituo kikubwa cha stima, na milingoti inatoka hapo kwenda Mombasa, Suswa na hata Tanzania. Hesabu nyaya zake, ukiacha zile nyembamba za juu kabisa zinazokinga radi. Utaona zimepangwa kwa mafungu ya tatu-tatu. Hiyo si sadfa. Mota yako na ile milingoti ni ukoo mmoja, na ukoo huo, pamoja na rimoti uliyoshika, unakurudisha kwa mtu mmoja: Nikola Tesla.

Najua umefikiria gari. Gari lilipewa tu jina lake, miaka 60 baada ya yeye kufariki. Mwenye jina alizaliwa Julai 10, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Croatia, katika familia ya Waserbia. Babake alikuwa kasisi wa Kiothodoksi. Mamake hakujua kusoma, lakini alijiundia vifaa vya kazi za nyumbani na alikariri mashairi marefu kichwani. Nikola alisema kipaji chake alikitoa kwa mama.

Baba alitaka kijana awe kasisi kama yeye. Unaijua hiyo hali, wazazi wamekuchagulia kozi na wewe roho yako iko kwingine. Kilichomwokoa Tesla ni ugonjwa. Alishikwa na kipindupindu akalala kitandani karibu miezi tisa, na baba kwa kuogopa kumpoteza mwana akaahidi kwamba akipona atampeleka kusomea uhandisi. Akapona. Mwaka wa 1875 akaingia chuo cha Graz, nchini Austria.

Huko ndiko alikoona mashine iliyombadilisha maisha. Mota za wakati huo zilipitisha umeme kupitia brashi zinazosuguana na sehemu inayozunguka, na mahali hapo palitoa cheche balaa. Tesla akauliza kama haiwezekani kuziondoa brashi kabisa. Profesa wake akatumia kipindi kuonyesha darasa kwamba jambo hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza, lakini hakukubali.

Usidhani alikuwa mwanafunzi wa kuigwa hadi mwisho. Aliingia kamari, akapoteza hela, akatoka chuoni bila digrii. Ila lile swali la brashi halikumtoka. Mwaka wa 1882, akiwa Budapest, alikuwa akitembea na rafiki yake bustanini jioni jibu likamjia ghafla. Akaokota kijiti akalichora mchangani. Kwamba badala ya kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, unaweza kuweka koili kandokando na kuzipa umeme kwa zamu, hivyo nguvu ya sumaku yenyewe ndiyo izunguke, nayo ivute kilicho katikati. Hakuna brashi, hakuna cheche.

Ndivyo mota ya ndege yako inavyofanya kazi. Kile kisanduku kidogo kilicho kati ya betri na mota kinagawa umeme kwenye zile nyaya tatu kwa zamu, haraka sana, na sumaku zilizo kwenye mota zinakimbizana na zamu hiyo. Propela inazunguka. Kusema haki, Mwitaliano Galileo Ferraris alifikia wazo hilohilo kivyake, na wahandisi wengine ndio waliolikuza hadi mikondo mitatu tunayotumia leo. Lakini Tesla ndiye aliyelifanya liingie viwandani.

Haikuwa rahisi. Alifika New York mwaka wa 1884 na senti nne mfukoni. Akafanya kazi kwa Thomas Edison kwa takriban miezi sita, wakakosana kuhusu pesa, akaondoka. Akaanzisha kampuni, wenye mtaji wakamtoa. Mtu aliyekuwa na mota ya karne kichwani akaishia kuchimba mitaro kwa kibarua.

Kilichomtoa mtaroni si maneno. Aliunda mota yenyewe, ndogo, ikazunguka mbele ya watu. Mwaka wa 1888 alipata hataza zake, na George Westinghouse akanunua haki ya kuzitumia. Mwaka wa 1893 maonyesho makubwa ya Chicago yaliwaka taa kwa umeme wa mkondo geu, ule mafundi huita AC. Mwaka wa 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukasafiri hadi mji wa Buffalo. Kampuni ya Westinghouse ilipoyumba kifedha, Tesla akakubali kuachilia mrabaha ambao ungemfanya tajiri ajabu. Weka hilo akilini, tutarudi.

Machi 1895 maabara yake iliteketea, na kazi ya miaka ikageuka majivu. Akaanza tena. Mwaka wa 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alijaza maji kwenye dimbwi na kuweka mashua ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja. Hakuna kamba, hakuna waya. Akabonyeza swichi kwenye kisanduku, mashua ikageuka kushoto, ikageuka kulia, ikawasha taa. Wengine walidhani ni uchawi, wengine kwamba kuna tumbili aliyefundishwa ndani yake. Ilikuwa miongoni mwa rimoti za kwanza za redio duniani kuonyeshwa hadharani, na Novemba 8 mwaka huo akapewa hataza yake.

Sasa hapa ndipo maisha yake yanapokufundisha kitu. Ile mashua ilikuwa ndogo, na ilifanya kazi. Jeshi la Marekani halikuonyesha haja nayo, na Tesla naye hakukaa chini kuikuza hatua kwa hatua. Aliruka mbele. Mwaka wa 1901 alianza kujenga mnara mkubwa huko Wardenclyffe, karibu na New York, kwa dola 150,000 za tajiri J. P. Morgan. Mkataba ulihusu mawasiliano ya kuvuka bahari, lakini Tesla alitaka zaidi: kusambaza umeme wenyewe duniani kote bila waya, jambo ambalo hadi leo hakuna aliyelifanikisha kwa kiwango hicho. Mwaka huohuo Guglielmo Marconi alituma ishara ya redio kuvuka Atlantiki kwa mitambo ya gharama nafuu zaidi. Morgan akafunga mfuko. Mnara ukabomolewa mwaka wa 1917.

Hapo ule mrabaha ungemfaa. Badala yake alihama hoteli hadi hoteli akiacha bili, akilisha njiwa bustanini. Hataza yake ya mwisho, ya mwaka wa 1928, ilikuwa ya ndege inayopaa wima kisha kujiinamisha kwenda mbele. Hakuwa na pesa za kuijenga hata ya mfano. Alifariki Januari 7, 1943, peke yake, kwenye chumba cha hoteli ya New Yorker, akiwa na umri wa miaka 86 na madeni. Miezi michache baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sehemu za hataza ya redio ya Marconi, kwa kutambua kazi za waliomtangulia, Tesla akiwemo. Mwaka wa 1960 jina lake likafanywa kipimo cha nguvu ya sumaku.

Basi wewe uliye na ndege mkononi, usiruke hatua. Kwanza uliza Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya (KCAA) ni nini kinaruhusiwa mahali ulipo. Mbuga ya Nairobi iko jirani, na ndege ndogo za kutoka Wilson hupita juu ya nyanda hizo. Kisha inua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, takriban robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukining'inia, sogeza betri mbele. Washa rimoti kabla ya kuunganisha betri, na vidole viwe mbali na propela. Sogeza vijiti uone kama mkia unaitikia upande unaotakiwa. Mwachie rafiki ndege, rudi nyuma hatua kadhaa, jaribu tena.

Yote yakiitikia, geukia upepo na uirushe. Ikianguka, povu hugandishwa kwa gundi dakika kumi. Iokote, angalia kilichokosewa, rekebisha hicho kimoja, uirushe tena kabla jua halijapanda na upepo wa Kajiado haujaamka.