Brodmann: andiko lilikataliwa, namba zikabaki

Wenzangu mnaosoma saikolojia, zile namba kwenye mchoro wa ubongo zina mwenyewe. Anaitwa Korbinian Brodmann, Mjerumani, aliyezaliwa 1868. Alisomea udaktari, na 1901 akaanza kazi Berlin kwenye maabara ya Oskar na Cécile Vogt.

Kazi yenyewe ilitaka subira, jamani. Alikuwa anakata ubongo vipande vyembamba, anavitia rangi ili seli zionekane, kisha anakaa kwenye hadubini. Gamba la ubongo lina unene wa milimita chache tu, lakini ndani yake alihesabu matabaka sita, moja juu ya jingine kama chapati kwenye sahani. Na hayalingani kila mahali. Sehemu ya kuonea, kule kisogoni, tabaka la nne ni nene na limejaa seli ndogondogo. Sehemu inayoendesha misuli, tabaka hilo karibu halionekani kabisa, ila kwenye la tano kuna seli kubwa kweli kweli. Mpangilio ukibadilika, anachora mpaka na kutia namba: ya kuona 17, ya misuli 4, mpaka kufika 52.

Andiko alilopeleka Berlin kuombea ruhusa ya kufundisha chuo kikuu, kitivo cha tiba kililikataa. Mimi ningelichoma moto. Yeye 1909 akatoa kitabu chenye ramani nzima, kisha akahamia Tübingen.

Utulivu ulichelewa. Alioa 1917, akapata binti, na 1918 akaitwa kwenye taasisi mpya ya utafiti Munich. Agosti hiyohiyo maambukizi yakamuua, akiwa na miaka 49.