Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, Yatima wa Beni Isguen

Katika bonde la Mzab, kusini mwa Algeria, ipo miji ya Kiibadhi iliyojengwa juu ya majabali. Katika mji mmoja wao, Beni Isguen, ndipo alipokulia Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye wanavyuoni walimpa lakabu ya Qutbul Aimma, yaani mhimili wa Maimamu. Alizaliwa takriban mwaka 1236 wa Hijra (1820 au 1821).

Baba yake alifariki naye angali mtoto mdogo, na malezi yakamwangukia mama. Msomaji aufahamu uzito wa jambo hili. Ardhi ya Mzab ni kavu, mitende yake hunyweshwa kwa maji ya visima virefu, na tangu zamani wanaume wake husafiri kwenda miji ya kaskazini kufanya biashara ili wawapelekee jamaa zao matumizi. (Hali hiyo si ngeni kwa wengi wenye kukisoma kijitabu hiki.) Mjane angelikuwa na udhuru wa kutosha wa kumtia mwanawe dukani. Yeye alimtia chuoni, na mtoto akaihifadhi Kurani yote akiwa na umri wa miaka minane.

Ndugu yake mkubwa, Sheikh Ibrahim, alikuwa amefika Oman na Misri kwa ajili ya kutafuta elimu. Aliporejea alimkalisha mdogo wake mbele yake akamsomesha. Hivyo Muhammad akachuma matunda ya safari asiyoisafiri.

Yaliyobaki aliyachagua mwenyewe. Vitabu vilikuwa adimu, naye akavinakili kwa mkono wake. Hakwenda mbali kutafuta masheikh. Ukiondoa safari za Hija, umri wake aliupitisha Mzab akisoma, akisomesha na kuandika, hata baada ya Wafaransa kulitwaa bonde hilo mwaka 1882, jambo ambalo hakuliridhia kabisa. Nyumba yake ikawa chuo. Hapo alisoma Sulayman al-Baruni aliyetoka Jabal Nafusa, Libya, na pia Abu Ishaq Ibrahim Atfayyish, wa ukoo wake, ambaye baadaye alihamia Cairo.

Aliandika sherehe kubwa ya Kitabu cha Nil cha Sheikh Abdul Aziz ath-Thamini, ambayo hadi leo ni marejeo ya fiqhi yetu, na tafsiri tatu za Kurani, moja kati yake haikukamilika. Tafsiri yake iitwayo Himyan az-Zad ilichapishwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, katika mtambo wa chapa ulioletwa na Sayyid Barghash. Kwa hiyo kazi ya yatima wa jangwani ilipigwa chapa kisiwani petu naye mwenyewe yu hai.

Alifariki Beni Isguen mwezi wa Machi 1914, na vitabu vyake vimehifadhiwa katika maktaba mjini humo.